Kipande cha Juu: Kulisoma Gitaa la Kigusii Mezani pa Fundi wa Ughaibuni

Katika muziki wa benga wa Kigusii kuna mahali ambapo mwimbaji hunyamaza na magitaa hubaki yenyewe. Kufikia hapo kisa kimesimuliwa nusu: mpenzi amelalamikiwa, marehemu ametajwa pamoja na ukoo wake, rafiki aliyesaidia ameshukuriwa kwa jina. Kisha gitaa la solo linapanda. Mkono wa kushoto unaacha eneo la karibu na kichwa cha gitaa, unavuka freti ya 7, unakaribia ya 12, na huko juu unashika kijisehemu cha sauti nne au tano na kukirudia, mara kwa badiliko dogo mwishoni, mara bila badiliko lolote. Gitaa la pili linajaza mianya, besi inasukuma kutoka chini. Nataka kukisoma kipande hicho kwa makini, kwa sababu ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote pale mtu wa kwetu anapotafuta fundi wa gitaa katika nchi ya watu.

Santuri ndiyo iliyokipa kipande hiki nafasi yake. Sahani ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika tatu hivi kila upande, na watayarishaji wa muziki wa Kenya wa miaka ya 1960 na 1970 walizoea kuukata wimbo mmoja katika sehemu mbili, ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Upande wa kwanza ulielemea maneno. Wa pili ulielemea magitaa, na wachezaji walijua ni upi wa kugeuza sakafu ikishapata moto. Kwa hiyo kupanda kule kwa gitaa kuna kazi kubwa kuliko kuziba nafasi mwimbaji akivuta pumzi. Sikiliza nyimbo za Christopher Monyoncho, ambaye kwa masikio yangu ndiye aliyeifikisha benga ya Kigusii mbali zaidi, na utasikia kwamba wimbo unaendelea kusema baada ya maneno kwisha. Kigusii ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana. Gitaa linapomjibu mwimbaji hufuata mwinamo wa usemi wake, na linapobaki peke yake mwinamo huo haujaondoka. Msikilizaji aliyezaliwa na lugha hii huyasikia maneno ambayo hakuna anayeyatamka.

Sasa fikiria linalotokea kwenye mbao na waya mkono unapofika huko. Freti ya 12 hugawa uzi katikati. Uzi unapobanwa hunyooshwa kidogo, na kunyooshwa huko hupandisha sauti yake. Ndiyo maana daraja la gitaa husogezwa nyuma kidogo kuliko hesabu ya nusu kwa nusu inavyodai, ili kufidia. Nyuzi zikiwa juu mno ya ubao wa shingo, kidole huzinyoosha zaidi na sauti hupanda kupita inapostahili. Shingo ikiwa imepinda mbele, kosa huongezeka kadiri mkono unavyosogea kuelekea tumbo la gitaa. Gitaa lenye ugonjwa huo laweza kuishi miaka mingi mikononi mwa mtu anayepiga kodi tatu za karibu na kichwa bila yeye wala majirani kugundua lolote. Mpe mpigaji wa benga: kisa atakisimulia vizuri, na akianza kupanda tu kila kitu kitaharibika. Mwinamo wa usemi unapotea, na kwa msikilizaji wa Kigusii ni kana kwamba mtu anazungumza lugha yake kwa toni za ugenini.

Hiki ndicho kiini cha hoja yangu. Karakana nyingi za Ulaya na Marekani hurekebisha gitaa kwa ajili ya mpigaji wa kawaida wa huko, na mpigaji huyo mara nyingi huhitaji mambo mawili: kodi za chini zilizo safi, na nyuzi zisizogongana na freti anapozipiga kwa nguvu. Fundi mwenye nia njema kabisa atainua nyuzi, atapata usafi huo, atarudisha gitaa likimetameta. Gitaa langu lilipita katika karakana moja ya namna hiyo. Lilirudi na sauti nzuri ya chini, na halikupanda tena. Aliyelishika hakuwa mzembe. Alikuwa amesoma umbo jingine la muziki kwenye ala ileile.

Ili kuelewa kwa nini gitaa letu linadai kusomwa hivi, inabidi kurudi nyuma, kabla ya gitaa. Chukua mfano wa Magwagwa, iliyo Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, katika miinuko inayoelekea mto Sondu. Ni nchi ya chai na mvua, na ni nchi ya mpakani: Waluo hawako mbali upande mmoja, Wakipsigis hawako mbali upande mwingine, na soko la Sondu limewakutanisha wote watatu kwa miaka mingi, katika amani na katika ugomvi. Kila mmoja wa majirani hawa alikuwa na kinubi chake kabla gitaa halijafika. Waluo wana nyatiti ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga nayo ala yenyewe, hivi kwamba mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma. Wakipsigis wana chepkong'o. Sisi tuna obokano.

Obokano ni kubwa. Tumbo lake ni bakuli la mbao lililowambwa ngozi, mikono yake miwili huinuka kubeba mti wa juu, na nyuzi nane hutoka chini kufungwa kwenye mti huo. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa mishipa ya wanyama. Siku hizi nailoni imechukua nafasi hiyo. Mpigaji huketi chini, ala ikiwa mbele yake, na mikono yote miwili hufanya kazi. Sauti yake ni nene, ya chini, na ina mvumo. Kila uzi unapopigwa, pamoja na sauti yake yenyewe hutoka mtetemo wa mkwaruzo unaoizunguka, na mtetemo huo umekusudiwa. Mwundaji huutengeneza. Obokano isiyovuma ni obokano ambayo haijakamilika. Vinubi vingi vya Afrika Mashariki vina tabia hii, kutoka Uganda hadi Ethiopia, lakini katika obokano mvumo uko chini kabisa, mahali ambapo sikio halitofautishi vizuri sauti na ngurumo, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Umbo la uchezaji wake nalo ni mzunguko: kijisehemu kifupi kinachorudiwa huku mwimbaji akitangulia, akichelewa, akisita juu yake. Hapo bila shaka msomaji ameshakiona kipande cha juu cha benga. Waluo waliolea benga miaka ya 1960, akiwemo D. O. Misiani aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, waliyapeleka kwenye gitaa mambo ambayo nyatiti ilikuwa imeyafundisha masikio yao. Wagusii walipoipokea benga hawakuanza sifuri, kwani obokano ilikuwa imekwisha kuwaandaa. Hata gitaa la kigeni lilipofika eneo hili kwa santuri tu, lilisomwa kwa sikio la kinubi. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, kwa Wakipsigis, wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha; jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti na gitaa lake vilikuwa vimefika kwenye vilima vile ndani ya gramafoni. Wasichana wale walimpokea, wakamwingiza katika wimbo wao, na ala iliyowasindikiza ilikuwa chepkong'o.

Basi mpigaji wa Magwagwa anapopeleka gitaa lake kwa fundi wa Minneapolis, anapeleka ala yenye historia mbili, ya santuri na ya kinubi, ambazo hazionekani kwenye mbao. Nataja Minneapolis kwa sababu Wagusii wengi wako huko, na katika miji ya pembeni kama Brooklyn Park; mtu anaweza kuishi wiki nzima akisikia Kigusii kazini, kanisani na dukani. Na Minnesota, jimbo la miji hiyo, ina baridi. Nyumba hupashwa joto miezi mingi ya mwaka, na hewa ya ndani hukauka kupita kiasi. Watengenezaji wa magitaa ya mbao hushauri unyevu wa asilimia 45 hadi 55 hivi. Katika nyumba ya Minnesota mwezi Januari, bila kifaa cha kuongeza unyevu, kipimo hushuka chini ya nusu ya hapo. Mbao iliyozoea hewa ya Nyamira hukauka na kusinyaa. Ubao wa mbele unazama, nyuzi zinashuka nao, ubao wa shingo unapungua upana na ncha za freti zinachomoza pembeni kiasi cha kukwaruza kiganja. Kisha nyuzi huanza kugusa freti na gitaa linavuma.

Hapa ndipo usomaji wa umbo unapokuwa kazi ngumu, kwa sababu sasa kuna mivumo miwili na yote inasikika katika ala moja. Mmoja ni wa urithi: mpigaji amezishusha nyuzi makusudi, anazipiga kwa ukali karibu na daraja, anataka ule mkwaruzo unaofunika kila sauti kama obokano inavyofunika. Mwingine ni ugonjwa wa ukavu. Fundi asiyeujua wa kwanza ataiondoa yote miwili. Na kuna kosa la pili, ambalo nimelisikia likitetewa na watu wa kwetu wenyewe kwa moyo mkunjufu: kwamba gitaa likivuma vyovyote vile hiyo ndiyo sauti yetu, mzungu asiliguse. Silikubali hata kidogo. Ufa katika ubao wa mbele hauna ukoo.

Tofauti kati ya mivumo hii hujulikana kwa njia ileile ambayo mhakiki hutofautisha mtindo na kosa la mchapaji: kwa kuangalia inarudi wapi na inarudi vipi. Mvumo uliokusudiwa umeenea. Uko kwenye kila uzi au kwenye nyuzi zilezile za chini kila mara, huanza na pigo, hufifia pamoja na sauti, na mpigaji akilegeza mkono hupungua. Anautawala. Mvumo wa ugonjwa una anwani. Uko kwenye freti ya 9 ya uzi wa pili na haupo kwenye ya 8. Unatokea asubuhi ya baridi na kutoweka mvua ikinyesha. Unaendelea hata baada ya pigo dogo kabisa, na mpigaji hana namna ya kuuita wala kuufukuza. Huhitaji kuwa umezaliwa Magwagwa kuisikia tofauti hiyo. Unahitaji kukaa na kusikiliza kabla ya kushika chombo chochote. Na mahali pa kuisikilizia ni kile kipande cha juu, kwa kuwa kijisehemu kifupi kikirudiwa mara ishirini hakifichi kitu: sauti mbovu itarudi mahali palepale kila mzunguko.

Kuna pia magitaa ambayo yameshatibiwa nyumbani, na haya ndiyo hunisikitisha zaidi yanapodharauliwa. Gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, ambalo wazee wa Afrika Mashariki waliliita galatoni lilitoka kwa kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Ni jamii ileile ya gitaa la bei nafuu alilopiga John Lennon akiwa kijana Liverpool mwaka 1957, na ndani ya lile lake palibandikwa karatasi iliyoahidi kwamba halitapasuka. Ala za namna hii huku kwetu zilivishwa nyaya zilizofumuliwa kutoka kwenye kebo za breki za baiskeli pale nyuzi za dukani zilipokosekana au kupanda bei. Kinshasa yuko fundi anayejulikana kwa jina la Socklo, aliyeunda na kurekebisha magitaa ya wapigaji wa jiji lile kwa vifaa vya karibu, kazi ambayo naiheshimu kuliko matangazo mengi ya viwanda vikubwa. Waya wa breki ni chuma kigumu. Huvuta shingo kwa nguvu ambayo shingo haikuundiwa. Gitaa lililobeba waya huo miaka kumi hufika ughaibuni limejikunja, daraja limeanza kunyanyuka, na freti zimechimbwa vijishimo mahali fulani. Angalia vijishimo hivyo viko wapi. Kama ni freti tatu za kwanza, mwenye gitaa alikuwa msindikizaji. Kama viko kuanzia ya 7 kwenda juu, kwenye nyuzi tatu nyembamba, basi hapo pameandikwa namna mtu alivyopiga, na fundi anayezing'oa freti zote bila kuziangalia amefuta alama pekee ambazo zingemwelekeza.

Fundi wa kuaminika anapatikanaje, basi? Shule zipo. Katika Minnesota hiyohiyo, mji wa Red Wing, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Minneapolis, Chuo cha Minnesota State College Southeast hufundisha utengenezaji na ukarabati wa magitaa na wa fidla. Ni vyuo vichache vya umma Marekani vyenye mafunzo hayo, na nashangaa ni Wagusii wangapi wanaopita barabara ile bila kujua. Kampuni kubwa kama Martin nazo huwa na mafundi waliowaidhinisha. Cheti ni mwanzo mzuri. Kinahakikisha kwamba mkono unajua gundi na patasi. Hakithibitishi kwamba sikio litasoma.

Kwa hiyo mimi huangalia mambo mengine. La kwanza ni kama anakuomba upige. Wapo wanaolipokea gitaa, wanalipima kimo cha nyuzi kwa rula, wanaandika risiti, na kukuaga. Hawajui ulichokuja nacho. Anayeomba upige, kisha akauliza unatumia nyuzi za unene gani, unafunga toni zako vipi, unabana kwa kapo au la, huyo ameanza kusoma. La pili ni kama anaweza kungoja. Gitaa lililokauka halipaswi kuchongwa likiwa limekauka. Fundi mkweli atakuambia uliweke kwenye kasha lenye unyevu kwa wiki moja au mbili, ulirudishe, ndipo aangalie kilichosalia. Atakuwa amejinyima malipo ya siku ile, na mara nyingine atakuwa amejinyima malipo yote, kwa sababu ugonjwa umeondoka na ukavu wake. Akishika tupa siku ya kwanza mwezi Januari, chukua gitaa lako uondoke. Likisawazishwa kwa hali ya baridi, mbao zitavimba kiangazi, nyuzi zitapanda, na kipande cha juu kitakuwa kimefungwa tena.

La tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa: kazi yake iweze kurudishwa ilivyokuwa. Kile kipande cha mfupa ambapo nyuzi hupitia kichwani, na kile kinacholala juu ya daraja, hutolewa na kubadilishwa kwa urahisi. Fundi mzuri huchonga kipya na kukurudishia cha zamani katika bahasha. Chuma kilichomo ndani ya shingo hukazwa au kulegezwa kwa robo ya mzunguko, na robo hiyo hurudishwa. Lakini mbao iliyosuguliwa haioti tena. Mtu anayeanza na mambo yanayorudishika anakiri kwamba huenda ameisoma ala vibaya, na anaacha mlango wa kusomwa upya na mwingine. Naliona jambo hili kuwa la kimaadili kama lilivyo la kiufundi.

Imebaki obokano yenyewe, maana zipo zilizovuka bahari, na vijana wanaipenda upya; Grandmaster Masese ameipandisha kwenye majukwaa pamoja na mashairi yake, na watoto waliozaliwa Marekani wanaiomba. Hakuna idara ya obokano Red Wing. Hewa kavu huifanyia jambo la kinyume na inavyolifanyia gitaa: wakati ubao wa gitaa unazama, ngozi ya obokano inakazana, toni zinapanda, na ikizidi inachanika ukingoni, huku bakuli la mbao nalo likitafuta mahali pa kupasukia. Ushauri wangu ni kuwapita mafundi wa gitaa na kwenda kwa wa banjo. Banjo ilizaliwa na Waafrika waliopelekwa utumwani, tumbo lake la asili ni ngozi iliyowambwa, na bado wapo mafundi wanaowamba ngozi halisi: wanajua kuilowesha, kuivuta polepole pande zote, na kuiacha ikauke bila haraka. Mpelekee rekodi ya obokano ikipigwa nyumbani kwa mpigaji anayeijua, nzima, dakika zote, pamoja na picha za kila uzi ulivyokaa kabla ngozi haijaharibika. Mwambie waziwazi kwamba mvumo ule wa chini ubaki. Awambe ngozi, azibe ufa wa bakuli, aishie hapo. Nyuzi nane zifungwe na mpigaji mwenyewe, kwa sauti yake anayoiimbia.